Kibanda kisicho na jina, Msamvu: chapati safi, supu ina chumvi, mpishi ni mdogo wangu

Nianze kwa kukiri. Anayesukuma chapati kwenye kibanda hiki ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Anayetafuta maoni ya mtu asiye na upande hapa kapotea njia, ashuke kituo kinachofuata. Ila wanaonifuatilia wanajua niliwahi kuiandika pilau ya shemeji yangu kwamba ni wali uliopakwa rangi, na mpaka leo kwenye shughuli zao nakalishwa karibu na jenereta. Kwenye sahani sina ndugu.

Kibanda chenyewe hakina jina wala bango. Kipo Morogoro, upande wa Msamvu, kwenye vichochoro vya gereji. Mabati juu, turubai ubavuni, meza tatu za mbao, na benchi moja ambalo mwenzako akinyanyuka bila kuaga, wewe unakwenda chini. Kona yenyewe siitaji, sababu nitaisema mbele. Mafundi gereji wanakijua, madereva wa malori yanayoshuka kutoka Dodoma wanakijua, wewe uliza "kwa mama wa chapati". Mwenye nacho ni mama wa makamo, mpole wa sura, mkali wa hesabu. Kila mteja anamwita Mama, hata wazee waliomzidi umri.

Bei: chapati 500, supu ya ng'ombe 2,500, ya utumbo 2,000, maharage ya nazi 1,000, chai ya rangi 300, ya maziwa 700. Mchana kuna wali na ugali, lakini mchana usije. Mchana hapa ni pa kawaida kama pengine popote, na mchicha wanaupika mpaka unasahau kwamba ulikuwa majani.

Njoo asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, ukae benchi la ndani linalotazama jiko. Unga unakandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi, mafuta kidogo na iliki kiduchu ambayo huigundui mpaka umeshameza. Unafunikwa kitambaa kibichi, unaachwa upumzike. Yeye anasukuma donge, anapaka mafuta kwa kiganja, anakunja kama anayekunja mkeka, anazungusha kama konokono, analaza pembeni. Raundi ya pili anasukuma nyembamba na kuitupa kwenye chuma. Ikivimba haikandamizi na mwiko kama wanavyofanya wengi. Anaizungusha kwa ncha za vidole, robo, robo, robo, mpaka madoa ya kahawia yaenee sawa. Ukiichana inaachia tabaka kwa tabaka, na ikipoa haigeuki ngozi ya ngoma. Nilibeba nne nyumbani nikazila kesho yake na chai, zikawa bado laini. Mimi na yeye tumefundishwa na bibi mmoja, jiko moja, kule Matombo. Zangu zinakatika kama biskuti.

Ukimwona amesimama tu, mikono inatetemeka. Ni dawa. Akishika unga haitetemeki, au inatetemeka na unga unaificha, sijawahi kujua.

Sasa habari ya mpishi, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini kibanda cha mabati nakipa nyota nyingi kuliko hoteli zenye viyoyozi.

Mdogo wangu alikuwa konda wa daladala. Mchangamfu, mwepesi wa hesabu, anaweza kukumbuka abiria kumi na wanane nani kalipa na nani anajifanya amelala. Akaanza kusikia sauti. Sisi tukafanya kama familia nyingi zinavyofanya, tukazunguka kwa waganga kwanza. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni mke wa mjomba. Shamba la migomba la mama likaenda. Alipofika hospitali alikuwa amekonda, ana alama za kamba mikononi, na kamba hiyo haikufungwa na mganga. Tulifunga sisi. Kutoka hapa akapelekwa Dodoma, Mirembe.

Mtanzania yeyote anajua jina hilo limegeuka nini midomoni mwetu. Hospitali ilianza mwaka 1927, imeshatimiza umri wa bibi wa mtu, leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na bado sisi tunaitumia kama tusi. Mtu akivaa soksi mbili tofauti, "huyu wa Milembe". Mtoto akicheka peke yake, "Milembe wanakutafuta". Nimecheka utani huo miaka yote, na nimeutunga mwingine. Siku mdogo wangu alipolazwa ndipo niligundua kwamba tumeifanya hospitali iwe mahali pa kwenda tu. Utani wa mtu aliyetoka Mirembe hatuna. Kwenye mawazo yetu hakuna anayetoka.

Yeye akapata nafuu. Miezi kadhaa tu, kwa sindano, vidonge na usingizi. Daktari akaandika kwamba anaweza kurudi nyumbani. Ndugu wakapigiwa simu waje wamchukue.

Hatukwenda.

Afisa ustawi wa jamii, dada mmoja mwenye sauti ya upole kupita kiasi, alikuwa ananipigia kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza nilimwambia natafuta nauli. Mara ya pili nilimwambia mama anaumwa. Baada ya hapo namba yake niliihifadhi kwenye simu kwa jina "Usipokee". Nauli yenyewe ilikuwa haifiki hata bei ya kitenge kimoja ninachouza. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru neno lake kwenye ukoo ni zito, alisema kwenye kikao, "Kule analishwa na serikali, hapa atalishwa na nani?" Tukaguna, tukala ubwabwa, tukaachana. Hakuna aliyesema hatumtaki. Kila mtu alisema tu kwamba wiki hii ana shughuli.

Miezi mitano mtu mzima wa afya yake alikaa wodini akisubiri dada yake amalize shughuli. Kitanda hicho kuna mgonjwa mwingine alikihitaji. Hospitali ilimaliza kazi yake, sisi ndio hatukuanza yetu.

Nilimfuata mwaka 2021, kwa basi. Siku hizi kuna SGR, tangu mwaka 2024 inakwenda mpaka Dodoma, unafumba macho umefika. Kipindi kile zilikuwa kilomita kama 260 za kutazama dirishani na kutafuta la kusema. Yeye alikuwa na mfuko wa salfeti: nguo, kadi ya kliniki, vidonge kwenye bahasha ndogo ndogo za karatasi. Tukapita Kibaigwa, magunia ya mahindi yamepangwa kama nyumba, hajasema kitu. Tukapita Gairo, kimya. Karibu na Dumila akageuka nyuma, akatazama basi zima mara moja, akanikaribia sikioni: "Dada, hii gari imezidisha watatu." Nikahesabu. Walikuwa watatu kweli.

Pale ndipo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilimpeleka nyumbani, nikampa chumba cha uani, nikanunua godoro jipya, nikaficha visu. Kila siku nilimpelekea chakula na kumsimamia ameze dawa, nikamwambia afungue mdomo nione. Kazi yake ilikuwa kula na kulala. Alinenepa, maana dawa nazo zinaleta njaa. Majirani walinipongeza kwa moyo wangu. Watoto wa mtaa walipita uani wakiita "Milembe! Milembe!" na kukimbia. Mwenye nyumba alikuja kwa adabu kuniambia kwamba wapangaji wengine wana wasiwasi, kwa hiyo mwezi ukiisha… Tulihama. Tajiri wa gari aliyewahi kumwajiri alisema anampenda sana kijana huyu ila abiria watakimbia. Kumbe abiria wengi walikuwa wanamuulizia.

Siku moja akaniambia, "Dada, kule wodini walau kulikuwa na zamu ya kufagia." Mwaka mzima nilikuwa nimemnyima hata ufagio.

Rudi kibandani. Siku ya kliniki alikuwa na kawaida ya kupita pale kunywa supu, kwa hela niliyompa ya bodaboda. Yeye alikuwa anatembea kwa miguu anaila hiyo hela. Asubuhi moja binti aliyekuwa anasukuma chapati alikuwa ameondoka bila kuaga, Mama anahangaika peke yake, foleni ya mafundi inapiga kelele. Mdogo wangu akaweka bakuli chini, akasema, "Mama, huo unga umeukanda kwa hasira." Watu wakacheka. Mama hakucheka, akamsogezea kibao.

Kadi ya kliniki alikuwa ameiona, ilikuwa mezani. Hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Saa kumi na moja alfajiri unaweza kuwa hapa?" Mdogo wangu akamwambia ukweli, kwamba vidonge vya usiku vinamlaza kama gogo, saa kumi na moja hata ukimmwagia maji hasikii. "Basi saa kumi na mbili na nusu," Mama akasema, "unga wa kwanza nitakanda mwenyewe." Ndiyo mkataba wote huo. Hamna semina iliyofanyika, wala mtu wa mradi aliyekuja na fulana. Nimeajiri wasichana wanne dukani kwangu tangu nianze biashara, sijawahi kumuuliza hata mmoja ni saa ngapi anaweza kufanya kazi vizuri.

Malipo ni 7,000 kwa siku na chakula, sawa na aliyemtangulia. Mwezi wa kwanza nilikwenda kumwomba Mama ile hela anipe mimi nimtunzie. Nilikuwa na nia njema, mnajua nia njema zetu. Aliendelea kuchambua utumbo bila kuinua kichwa: "Kwani aliyefanya kazi ni wewe?" Nikaagiza chai nipate pa kuficha uso. Chai ilikuwa nzuri, tangawizi ya kutosha.

Huduma, kama mnavyotaka kujua, ni ya haraka kwa chai na ya polepole kwa chapati, kwa sababu hapiki za akiba. Anapika uliyoagiza. Dereva mwenye haraka atalalamika. Na kuna jambo lingine litakalowakera wengi: redio hapa ni muziki tu. Taarabu, dansi la zamani, injili siku ya Jumapili, lakini mtangazaji akianza kuongea Mama anabadilisha stesheni. Sauti za watu wasioonekana mdogo wangu hazimkalii vizuri, hasa akiwa amechoka. Kwa hiyo siku ya Simba na Yanga kibanda kinakuwa kitupu kuanzia mchana, na Mama anapoteza wauza maneno wote wa Msamvu pamoja na pesa zao. Nilimuuliza inamgharimu kiasi gani. Akasema hajawahi kupiga hesabu hiyo, na huyo ni mama anayejua bakuli moja la supu lina vipande vingapi.

Kisa kimoja nilikishuhudia mwenyewe. Kijana mmoja, fundi wa rangi, alikula chapati mbili na supu, akatoa noti ya 2,000 akataka kuondoka. Mdogo wangu akamwambia bado 1,500. Yule akasema amelipa yote. Mdogo wangu akarudia, sauti imepanda kidogo, kama konda yeyote ambavyo angepandisha. Yule fundi akageukia wateja, akatabasamu, akazungusha kidole kwenye kipaji: "Jamani huyu leo hajameza dawa."

Kibanda kikanyamaza. Na niseme kweli, hata mimi dada mtu kwanza nilimtazama mdogo wangu usoni. Nilikuwa naangalia macho yake kama yamebadilika. Mtu kaibiwa 1,500 mbele yangu, mimi nakagua macho ya aliyeibiwa.

Mama akatoka nyuma ya sufuria na upawa mkononi. "Dawa kameza. Wewe ndiye hujalipa."

Akalipa. Anakuja mpaka leo, na analipa kwanza ndipo anakaa.

Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ninatia sahihi pale hospitali. Ukishatoka kule, hasira yako si hasira tena, ni dalili. Ukicheka sana ni dalili, ukinyamaza ni dalili, ukimkatalia dada yako jambo ni dalili. Mdogo wangu ana maneno yake: "Mnanichunguza kama maziwa jikoni." Anasema kweli, na maziwa nayo yana tabia ya kuumuka mtu akigeuka, kwa hiyo sijui niache vipi.

Kuna mzee mmoja, muuguzi mstaafu, huwa anakaa meza ya kona na gazeti la jana. Kafanya kazi na wagonjwa wa akili tangu ujana wake. Siku nilipoanza kulalamika kwamba serikali ifanye hivi na jamii ifanye vile, alinisikiliza mpaka mwisho, akachovya chapati kwenye maharage, akasema nchi hii iliwahi kujaribu. Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960 kuingia 1970, vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa waliopata nafuu, wakae huko walime, wazoee tena kuamka na jembe na kulala na uchovu wao wenyewe kabla ya kurudi makwao. Vikuruti, nje ya Dar es Salaam, kilikuwa cha wagonjwa wa Muhimbili. Ndugu aliweza kwenda kukaa na mgonjwa wake. "Wazo lilikuwa zuri," alisema, "sisi Waswahili mtu hapati nafuu kitandani, anapata nafuu shambani watu wakimwona." Akaongeza kwamba hata hivyo vijiji vilikuwa pembeni ya watu, na mwisho wa safari ni mtaani tu, kwenye nyumba ya mtu na kazi ya mtu. Sheria ya Afya ya Akili tunayo, ya mwaka 2008. Nilimuuliza sheria hiyo inamwambia nini mwenye nyumba aliyenipa notisi kwa adabu. Akarudi kwenye gazeti lake.

Nimepiga hesabu yangu ya dukani. Kliniki inamwona mdogo wangu mara moja kwa mwezi. Anachomwa sindano yake ya Modecate, anaulizwa analalaje, anapewa Artane ya kutuliza mikono na mwili kukakamaa, dakika kumi au robo saa, anayefuata. Siwalaumu, foleni nimeiona. Lakini siku zinazobaki kwenye mwezi ni ishirini na tisa, na hizo hazina nesi. Zina Mama, mafundi gereji, wale watoto wa mtaa, mwenye nyumba mpya, na mimi na funguo zangu za kabati la visu.

Mwaka jana alirudia kuumwa. Hospitali moja ya hapa, siitaji, iliishiwa sindano. Akaambiwa arudi wiki ijayo, wiki ijayo akaambiwa akanunue nje, naye hakuniambia kwa sababu alishachoka kuwa gharama. Na alikuwa anajisikia vizuri, jambo ambalo wenye ndugu wa namna hii wanajua ndiyo mtego wenyewe. Nyumbani mimi sikuona kitu. Mdomo anafungua, vidonge kameza, nimeridhika.

Mama ndiye aliyepiga simu. "Dada yake, huyu kijana halali." Nikamuuliza kajuaje. "Leo siku ya tatu chapati hazina chumvi."

Mtu aliyekanda unga huo huo kila asubuhi mwaka mzima, mkono unajua wenyewe. Siku tatu mkono umesahau. Siku ya kwanza Mama alidhani ni haraka. Siku ya pili akaonja kila donge. Siku ya tatu akamkuta kafika saa kumi usiku, amesukuma zaidi ya chapati sitini kwa mwanga wa simu, amezipanga kwenye meza kwa mistari, anasubiri abiria.

Tulimpeleka mapema. Hakufungwa kamba, hakuburutwa. Alipanda bajaji mwenyewe, katikati yangu na Mama, aproni bado kiunoni. Wiki tatu alikaa wodini, hapa hapa mkoani. Wiki tatu hizo kibanda kiliuza maandazi. Binti mmoja alikuja kuomba kazi ya chapati, Mama akamwambia nafasi ina mwenyewe. Niliwasikia wateja wakigomba. Dereva mmoja alisema hawezi kuvumilia mwezi mzima wa maandazi kwa ajili ya kichaa mmoja. Dereva wa pili, hata simjui, akamjibu, "Basi kavumilie kwako."

Aliporudi, chuma kilikuwa kimepakwa mafuta kisishike kutu.

Haya, kasoro, maana nimesema sina ndugu. Supu chumvi imezidi, na hiyo anaipika Mama mwenyewe, nimemwambia mara mbili, anasema wanaofanya kazi za kutoka jasho wanataka chumvi. Sisi tunaouza vitenge kivulini tufanyeje? Moshi ukigeuka unakula nao. Maji ya kunawa yapo, ndoo yenye bomba, lakini sabuni mara ipo mara imekwenda. Choo ni cha gereji ya jirani, nenda kabla hujaja. Chapati zikifika saa nne zimekwisha, na ukija saa nne na robo ukaanza kununa utakuta hakuna anayekujali. Alhamisi moja kila mwezi hakuna chapati kabisa, ni siku ya kliniki. Hakuna tangazo linalobandikwa. Wateja wa zamani wanaijua na kuagiza maandazi bila kuuliza, wageni wanaambiwa "fundi kasafiri".

Nyota: chapati tano. Chai nne na nusu. Supu tatu. Benchi moja, na hiyo moja ni ya huruma. Mama sina nyota za kumpa.

Sababu ya kutotaja kona ni hii. Kuna mtu aliwahi kuandika mtandaoni kwa uzuri tu, kwamba kuna kibanda Morogoro kimeajiri "mgonjwa wa akili aliyepona", twendeni tukamuunge mkono. Watu wakaja. Wakaagiza chapati moja moja, wakakaa wanamtazama. Mmoja akamwomba wapige picha. Akamwachia 10,000 na kumwambia Mungu ni mwema. Mdogo wangu alimrudishia 9,500.

Kwa hiyo haya yote nimemsomea kwanza, jana usiku, uani. Alisikiliza huku anakata kucha. Pale pa visu hakusema kitu. Pale pa "Usipokee" alisema, "Nilijua," akaendelea na kidole kinachofuata. Alitaka niondoe iliki, kwamba ni siri ya kazi, nikakataa, tukagombana kidogo kama watu wa nyumba moja. Mwisho nikamuuliza kama niwaambie wateja kwamba siku wakikuta chapati haina chumvi wasiache tu sahani na kuondoka, wamwambie Mama.

Akafikiri. "Waambie," akasema. "Ila waseme chumvi. Wasiseme dawa."